Dakika Nzima Juu ya Dahr Sawwan: Maisha ya Tanios Wakim Shalhoub

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Ain Tallouz, nanyi mliopanda kutoka pwani asubuhi hii mkisimama njiani kufunga minyororo kwenye magurudumu, familia ya Shalhoub inawapokea katika kanisa hili la Mtakatifu Sabas, na inawaomba radhi kwa baridi, kwa sababu jiko la upande wa kushoto limekataa kuwaka tangu jana na fundi hakuweza kufika. Karatasi hii imeandikwa na Salwa, binti wa marehemu, ambaye alitaka kuisoma mwenyewe kisha akaona hataweza, kwa hiyo inasomwa na mjomba wake, na pale mtakaposikia neno kali mjue ni la Salwa, naye ameomba lisomwe kama lilivyo.

Marehemu Tanios Wakim Shalhoub alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 17 Januari 1961, hapa Ain Tallouz, katika nyumba ya mawe iliyo juu ya kisima cha chini, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa mzee Wakim Shalhoub, mfugaji wa mbuzi, na mama Barbara, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Antoni, ambaye hapa mlimani huitwa Tanios, hakuna aliyehangaika kumtafutia jina. Alianza masomo Oktoba 1967 katika shule ya masista, akawa mwepesi wa hesabu na mzito wa kukaa kitini, na sista mmoja aliandika katika ripoti yake kwamba mtoto huyu anasoma vizuri zaidi akisimama dirishani.

Tarehe 14 Aprili 1973, siku ya Jumamosi, wiki moja kabla ya Pasaka, mzee Wakim alitoka na mbuzi wake akiwa amevaa shati la pamba na koti jepesi, kwa sababu milozi ilikuwa imekwisha kuchanua na theluji ilikuwa imebaki vivulini tu. Mvua ikamkuta huko juu, na upepo juu ya mvua, naye akarudi jioni akiyumba, akiwaita mbuzi kwa majina ya ndugu zake, na wanaume waliokuwa barazani wakamcheka wakisema, "Mzee Wakim, umeanza kunywa kabla Bwana hajafufuka?" Walipoona hacheki walimwingiza ndani mbio, wakamsugua miguu kwa theluji kama walivyofundishwa na baba zao, wakammiminia pombe kali ya araki mdomoni, wakamkalisha wima akiegemea jiko, na mzee Wakim akafa mikononi mwao kabla kahawa waliyomwandalia haijapoa. Tanios alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na yeye ndiye aliyetumwa kwenda kuleta ile theluji kwa ndoo. Ilipita miaka kumi na tisa kabla hajajua kwamba kusugua kule, na araki ile, na lile jiko, ndivyo vilivyommaliza mtu ambaye huenda angepona kama angevuliwa nguo mbichi, akalazwa na kufunikwa taratibu, na alipojua hakumwambia mama yake mpaka anamzika.

Masomo yake yalikoma Juni 1975, vita vilipofunga shule, akaenda kufanya kazi kwenye tanuri la mkate la mjomba wake huko pwani hadi mwaka 1979, kisha akarudi mlimani, na kuanzia Desemba 1980 akaajiriwa kuangalia nyaya zinazowapandisha watu wanaoteleza kwenye theluji. Mwaka 1992 alipata nafasi ya kwenda kwenye milima ya Alpi kwa miezi minane, akajifunza kuongoza watu katika baridi na kuwaokoa waliozidiwa, na tarehe 1 Desemba 1993, yeye pamoja na rafiki yake Ghattas Abi Rizq na wanaume wengine watano wa kijiji hiki, walianzisha kikosi cha kujitolea ambacho, kwa hesabu ya Ghattas, kiliwashusha hai watu mia moja na arobaini na wawili.

Siku ya Jumapili, tarehe 9 Oktoba 1988, alifunga ndoa katika kanisa hili na Hind Daher, fundi cherehani, binti wa Selim Daher, na Mungu akawajalia watoto wawili, Salwa, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1990, na Elias, aliyezaliwa tarehe 20 Julai 1994, na tangu siku ile marehemu hakuitwa tena Tanios hapa kijijini, akawa Baba Elias kwa wakubwa na Ami Baba Elias kwa wadogo. Hind alishona kwa mkono wake suruali na fulana za sufi za akiba ambazo viongozi wote wa kikosi walizibeba mgongoni, na aliposikia mumewe akisifiwa alikuwa akisema, "Yeye anawashusha, mimi ndiye ninayewavalisha."

Kila Jumamosi ya kwanza ya Novemba, kwa miaka ishirini na mitano, marehemu alifundisha katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa hili, bila malipo, akiwa na daftari lake la jalada jekundu. Wengi wenu mlikaa pale, na mtakumbuka kwamba alikuwa akianza kwa kumshika mtu wa mbele shati na kuuliza, "Hii ni nini?" na yule akijibu ni pamba, yeye husema, "Basi umejivika sanda, na umeokoa gharama za mazishi." Alifundisha kwamba mlimani mtu huvaa sufi tabaka juu ya tabaka, huvua kabla jasho halijamtoka na huvaa kabla baridi haijamwingia, kwa sababu jasho la saa nne ndilo barafu ya saa tisa, na kwamba tumbo tupu ni jiko lisilo na kuni, kwa hiyo tende na halua zisikose mfukoni na ziliwe kila saa, hata na asiyesikia njaa. Alifundisha kwamba saa ya kugeuka hupangwa nyumbani, mtu akiwa na akili zake, na haibadilishwi kule juu, na kwamba kundi lililotoka pamoja hurudi pamoja. Alikuwa akiwafanya watu wote ukumbini waguse kidole kidogo kwa kidole gumba, akisema, "Siku utakaposhindwa hili, umeshaanza kuondoka, na hutajua, kwa maana baridi huanza kuiba akili kabla ya kuiba mwili," na alitaka tuangaliane sisi kwa sisi, nani anajikwaa, nani anakokota maneno, nani ameshindwa kufunga kifungo, nani amekuwa mkali bila sababu. Anayetetemeka bado anapigana, alisema, na aliyeacha kutetemeka bila kupata joto hajapona, anakwenda. Huyo msimsugue, msimpe araki, msimsukume karibu na moto, mvueni nguo mbichi, mkingeni na upepo na ardhi, mpasheni joto kifuani kabla ya mikono na miguu, na mmbebe kama mnavyobeba yai.

Kulikuwa na mambo mawili aliyoyasema mwishoni kila mwaka, na familia imeona yasemwe hapa kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana nayo. La kwanza, kiongozi asivue nguo yake kumpa mtu, kwa kuwa kiongozi akipoa kundi zima limekufa hata kama bado linatembea. La pili, hakuna maiti ya baridi mpaka apate joto, mtu anaweza kuwa mgumu kama ubao, mweupe kama mshumaa, moyo wake ukipiga mara chache tu kwa dakika, kwa hiyo usiseme amekufa mpaka umesikiliza dakika nzima, na hata ukisha kusikiliza usiseme.

Hakuwa mtu wa kupendwa na wote, kwa sababu aliwageuza watu njiani. Machi 2006 alirudisha kundi la wageni kumi na wanne wakiwa wanakiona kilele cha Dahr Sawwan kwa macho, na bwana mmoja mwenye kifua kipana na suruali ya jinzi akamwambia, "Ami, si baridi kidogo tu hii?" naye akamjibu, "Kidogo ndiyo inayoua, mwanangu, ile kubwa watu huikimbia." Yule bwana alimtukana mpaka barabarani, na baada ya saa moja mlima wote ukapotea katika ukungu kwa siku mbili, na hakuna hata mmoja wa wale kumi na wanne aliyepiga simu kusema neno.

Elias alimaliza chuo cha ufundi mwaka 2014, akauza simu mjini kwa miaka miwili, kisha akarudi na kumwambia baba yake kwamba anataka kazi yake, na Tanios, ambaye hakuwahi kumwomba, alitoka nje akasimama kwa muda mrefu uani, kisha akarudi ndani na kumpa viatu vyake vya zamani. Alimfundisha kwa misimu miwili bila kumsifu hata mara moja, na mwaka 2018 akamruhusu kuongoza peke yake.

Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Februari 2019, Elias alikuwa na wageni wanne kutoka mjini, vijana wawili binamu, Rami na Ziad, pamoja na Marwan na binti mmoja aitwaye Yara, na saa kumi na mbili asubuhi baba na mwana walikuwa jikoni, Hind akiwafungia mkate uliopakwa viungo vya zaatari na maziwa mgando.

"Dhoruba inaingia saa nane," Elias alisema.

"Dhoruba haina saa ya mkononi," Tanios akamjibu.

"Baba, saa tano nageuka, hata kilele kikiwa kimenigusa pua."

"Apa."

"Mama, mwambie mumeo aniache ninywe chai yangu!"

Na Hind akacheka, akasema, "Mwache, Baba Elias, umemfundisha mpaka anayasema usingizini." Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyozungumza wote watatu wakiwa pamoja, na Salwa ameyaandika kama mama yake alivyomsimulia, mara moja tu, bila kurudia.

Elias alitimiza ahadi yake, aligeuka saa tano kasoro dakika ishirini, kabla ya muda wake, na jambo hilo familia inataka lijulikane, kwa maana yamesemwa mengi. Walipokuwa wanashuka, karibu na chemchemi, theluji ilimvunjikia Yara chini ya miguu, akatumbukia ndani ya maji hadi kiunoni. Elias alikuwa amebeba seti moja ya nguo za akiba, zile alizoshona mama yake, na nusu yake, yaani fulana nzito, alikuwa amekwisha kumpa Marwan ambaye alivaa pamba na jasho lilikuwa limemlowesha mgongo mzima, kwa hiyo alimvalisha Yara suruali na soksi kavu, akaona bado binti anatetemeka kifuani, akavua koti lake zito akampa, akabaki na sweta na koti jembamba la upepo. Upepo ukaanza saa sita, saa mbili kabla ya wakati uliotabiriwa. Yara hakuweza kwenda haraka, Rami na Ziad wakaogopa, wakasema watatangulia kuita msaada kwa kuwa simu hazikushika, Elias akakataa akisema, "Tunashuka wote au tunakaa wote," wakabishana katika upepo ule, na mwishoni akawaachia. Vijana hao wawili wamo humu kanisani leo, na familia inawaomba nyote msiwageukie, kwani bila wao asingejulikana alipo yeyote kati ya wale watatu.

Rami na Ziad walifika barabarani saa saba na nusu, wakapiga simu. Tanios alikuwa mezani na bakuli la dengu, akaacha kijiko ndani ya bakuli, akamwita Ghattas, na wawili hao wakatangulia na kitanda cha kuburuta, wengine wakiwa bado wanakusanyana, wakawafikia saa tisa alasiri chini ya mwamba mmoja ulio upande usio na upepo, ingawa upepo ulikuwa umeanza kuuzunguka. Marwan alikuwa amejikunyata lakini aliweza kusimama. Yara, ndani ya koti la Elias, alitetemeka hata meno yakagongana, akiuliza funguo za gari lake ziko wapi. Elias alikuwa ameketi mbele yao, mgongo wake ukielekea upepo, amejifanya ukuta, na hakuwa anatetemeka.

Tanios alimlaza polepole, kama alivyofundisha, akamwekea sikio mdomoni na vidole shingoni, akaangalia saa yake kwa dakika nzima, asisikie pumzi wala mshipa. Ghattas anasema hajawahi kuona dakika ndefu kama ile, na anasema pia, kwa sababu Salwa alimbana aseme kweli, kwamba vidole vya Tanios vilikuwa vimekufa ganzi na upepo ulikuwa unanguruma kiasi kwamba hata ngoma isingesikika.

"Baba Elias, mfunge mwanao kitandani," Ghattas alisema, "binti nitambeba mimi mgongoni."

"Hutafika naye. Una miaka hamsini na minane na goti bovu."

"Basi nitakufa naye! Mchukue mtoto, Tanios!"

"Huyu binti anatetemeka. Anayetetemeka ndiye anayerudi."

"Wewe si ndiye uliyesema hakuna maiti ya baridi mpaka apate joto? Si wewe? Miaka ishirini na mitano umetupigia kelele!"

Tanios alimwingiza Elias ndani ya mfuko wa kulalia, na mfuko huo ndani ya mwingine, akamtandikia kamba na mabegi chini yake ili ardhi isimnyonye, akajenga ukuta wa theluji upande wa upepo, akainama na kumwambia neno sikioni ambalo Ghattas hakulisikia na hakuna aliyepata kuambiwa, kisha wakamfunga Yara kitandani, Ghattas akamshika Marwan mkono, wakashuka.

Walifika barabarani saa kumi na moja jioni. Helikopta haikuweza kuruka, na waokoaji waliokuwa wamefika walipanda hatua mia mbili wakarudi, kwa sababu mtu hakuuona mkono wake mwenyewe. Tanios alitaka kurudi peke yake, wanaume wanne wakamshika, akapigana nao, akamng'ata mkononi mmoja wao, Hanna mwenye tanuri la mkate, na Hanna, ambaye kovu analo mpaka leo, ndiye aliyemkalia kifuani mpaka alipochoka, huku akilia na kumwambia, "Nisamehe, Baba Elias, lakini siwezi kuzika wawili."

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 17, saa moja kasorobo, walifika kwenye ule mwamba. Mifuko ilikuwa wazi na mitupu. Elias alikuwa hatua kumi na moja kutoka pale, upande wa bondeni, amelala kifudifudi, koti la upepo amelivua na sweta amelivua, na hapakuwa na mtu katika kikosi kile ambaye hakujua maana yake, kwa sababu wote walifundishwa katika ukumbi wetu kwamba baridi inapofika mwisho humdanganya mtu kuwa anaungua, naye huvua nguo, na maiti haivui. Jua lilikuwa limekwisha kuchomoza. Kila mmoja aliangalia pembeni, na Tanios akazihesabu zile hatua kwa mguu wake, akaenda, akarudi, akazihesabu tena.

Daktari aliwaambia wazazi kwamba katika hali aliyokuwa nayo kijana, na kwa mwendo wa saa mbili katika dhoruba, huenda asingefika hai hata kama angefungwa kitandani, na kwamba binti hakika asingefika bila kitanda. Alisema huenda, hakusema hakika, na ndani ya neno hilo familia hii imeishi miaka mitano.

Hind alimwuliza mumewe swali moja, siku ya tatu ya matanga, mbele ya wanawake waliokuwa wanagawa kahawa chungu.

"Ulisikiliza kwa muda gani?"

"Dakika nzima."

"Ungesikiliza mbili."

Baada ya hapo aliendelea kumpikia, kumfulia na kumwekea dawa mezani, na hakumtaja Elias mbele yake tena, wala hakumwita yeye Baba Elias, wala Tanios, wala kwa jina lolote. Ilipopita arobaini alilichukua lile daftari la jalada jekundu akalipeleka jikoni kulichoma, na Tanios akainuka akamfungulia mlango wa jiko.

Salwa, aliyekuwa akifundisha ng'ambo, huko Lyon, alikuja kwenye mazishi, akarudi, na usiku wa kuamkia Pasaka alimpigia baba yake simu na kumwuliza, "Ningekuwa mimi pale, na huyo mgeni anatetemeka, mimi pia ungeniacha?" Tanios akasema, "Ndiyo." Salwa akakata simu, na hakumpigia tena kwa miaka minne na miezi tisa. Ametaka isomwe hivyo, bila kuongezewa sababu, na ametaka mjue kwamba alijua hata wakati ule kuwa baba yake angeweza kusema uongo, na kwamba angekuwa na baba mpaka mwisho kama angeusema.

Mwezi Juni wa mwaka ule ule Yara alikuja na sinia la vitamutamu, Hind akamwona dirishani akafunga mlango kwa komeo, na Tanios akatoka kwa mlango wa nyuma, akamsindikiza hadi kwenye gari lake, akamwuliza kitu kimoja tu, kama vidole vya miguu vimepona. Binti alisema viwili vilikatwa. Tanios akasema, "Viwili si vibaya," akamfungulia mlango wa gari.

Hakufundisha tena. Novemba 2019 watu walikuja ukumbini kwa mazoea, wakangoja, wakaondoka. Januari 2022 wanafunzi wawili waliganda upande wa pili wa mlima, karibu sana na barabara, na habari hizo zilipotoka redioni yeye aliuliza walivaa nini, na alipoambiwa, alisema, "Pamba," akaizima redio. Wakati wa baridi hakukaa karibu na jiko, alikaa barazani kwenye kiti cha plastiki na sweta moja, majirani wakipita wakimwambia, "Ingia ndani, Baba Elias, utakufa hapo," naye hujibu kwa adabu, "Naingia sasa hivi," na haingii. Ghattas alikuwa akija na blanketi, akimfunika magoti, akikaa naye mpaka giza, na katika miaka mitano wanaume hao wawili, waliotaniana maisha yao yote, walizungumzia bei ya dizeli na mbwa wa Hanna tu.

Kifua kilimwanza Januari 2023, kikampa nafuu wakati wa kiangazi, kikarudi Oktoba, na tarehe 11 Januari 2024 alilazwa hospitalini kwenye mji wa pwani akiwa na maji katika mapafu yote mawili. Siku aliyotimiza miaka sitini na mitatu, tarehe 17, alikuwa bado anaongea, akamwomba muuguzi amfungulie dirisha, muuguzi akakataa, na Tanios akamshukuru. Salwa alifika Ijumaa, tarehe 19, akamkuta na kifuniko cha hewa usoni, hawezi tena kusema, na kwa siku tano alikaa kando yake akiwa na maneno aliyoyaandaa ndani ya ndege, akayasema yote, na hajui kama yalisikika, kwa sababu marehemu alimtazama muda wote kwa macho yale yale aliyomtazamia kila mtu aliyeingia, daktari, mfagiaji na yeye. Tanios Wakim Shalhoub alifariki siku ya Jumatano, tarehe 24 Januari 2024, saa nne asubuhi, Salwa akiwa ametoka kumnunulia mama yake maji.

Wanawake walipokuja kumwosha na kumvalisha suti aliyoivaa kwenye harusi ya Salwa, Hind, ambaye alikuwa amekaa chumba cha pili siku nzima bila kulia, aliingia amebeba jozi mbili za soksi za sufi, akapiga magoti, akamvisha moja juu ya nyingine, akazivuta mpaka gotini na kukunja juu. Shemeji yake akamshika bega, akamwambia, "Umefanya vizuri, Mama Elias, umemsamehe," na Hind akasema, "Sijamsamehe. Lakini kule ndani kuna baridi."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, hasa yule muuguzi wa dirisha ambaye amefika leo ingawa ni siku yake ya kupumzika, inawashukuru majirani waliofukua barabara kwa majembe tangu alfajiri ili jeneza lipite, inamshukuru Hanna kwa mkate na kwa siku ile, inawashukuru wanaume wa kikosi, na inamshukuru Ghattas Abi Rizq, ambaye amekataa kuketi na amesimama karibu na jeneza tangu saa mbili asubuhi na goti lake bovu. Inamshukuru pia Yara, aliyekaa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, penye baridi kuliko pote, na Salwa anamwomba asogee mbele, kwani hakuna aliyemfukuza leo. Kesho ni Jumamosi, theluji ni nzuri na anga limeahidi jua, na tunajua wapo miongoni mwenu watakaopanda, na hatuna tena wa kuwashika shati mlangoni.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, na nafasi iliyokuwa ikimngoja kaburini ubavuni mwa mwanawe.

Pumzika, Tanios mwana wa Wakim, na amani tuliyokunyima sisi tuliokupenda, akupe Yeye asiyehitaji kusikiliza dakika nzima ili ajue nani yu hai.